Bosi mkali anafichwa mambo, bosi mpole anapandwa kichwani: nyie mnaongozaje watu kazini?

#1 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nina miezi mitano tangu nipewe usimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mikate hapa Dar. Nina watu 19 chini yangu: waendesha mashine, watu wa oveni, wafungaji, na vibarua watatu au wanne kutegemea oda ya siku. Kabla ya hapo nilikuwa mmoja wao kwa miaka sita. Tumekula sahani moja, tumechangiana harusi na misiba.

Mwezi wa kwanza nilikuwa mpole. Zamu inaanza saa moja jioni, mtu anaingia saa mbili kasoro, anacheka: "Kaka si unaijua foleni ya Mbagala." Chai ya dakika kumi na tano inakuwa ya dakika arobaini. Meneja akaniita, akaniambia neno ambalo halijanitoka: "Hawa hawakuoni kiongozi. Wanamwona rafiki yao aliyeshika funguo."

Nikabadilika. Nikaanza kufoka. Barua za kujieleza nilitoa tano ndani ya wiki tatu. Uchelewaji ukaisha kabisa, nikajiona nimepatia.

Wiki iliyopita mashine kubwa ya kukandia unga ikasimama saa nane usiku. Mifuko miwili ya unga imo ndani na hamira imeshaanza kazi. Tulitoa ule unga kwa mikono, umeumuka unatumwagikia miguuni. Fundi alipofungua akakuta beringi imekufa. Akaniuliza: "Hii ililia siku ngapi?" Nikamjibu haijalia. Akawageukia vijana. Kimya.

Baadaye mzee wa ile mashine, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, akanivuta pembeni: "Ililia siku tatu. Siku ya kwanza nilikuja kukuambia, nikakukuta unamfokea kijana wa oveni. Nikarudi."

Hiyo "nikarudi" imeninyima usingizi. Wenye uzoefu wa kuongoza watu, nisaidieni. Ukali umenipa nidhamu na kuninyima habari. Upole ulinipa habari na kuninyima nidhamu. Mnafanyaje?

#2 Mchuuzi wa Ilala

Navuta kiti. Hii ya leo inanihusu.

#3 KotiJeupe

Pole kaka. Mimi ni muuguzi, wodi ya wazazi, mkoani. Tuliwahi kuwa na daktari ambaye kwenye raundi ukikosea jibu anakusema mbele ya wagonjwa. Siku moja aliandika dozi nikaona imezidi. Niliisoma mara tatu. Sikumwuliza. Nilimpigia mfamasia, mfamasia akampigia yeye kama vile ndiye aliyeiona. Dozi ikarekebishwa na mama hakudhurika, lakini zilipita kama dakika ishirini mimi natafuta mtu wa kusema kwa niaba yangu.

Yule daktari alikuwa anajua kazi kweli kweli. Mpaka leo naamini hakujua kwamba tunamkwepa.

#4 Fimbo ya Mbali

Mimi nitapingana na mnaomhurumia mzee. Siku tatu mtu anasikia mashine ya kampuni inakufa, ananyamaza kwa sababu bosi amefoka? Tena hakufokewa yeye, kafokewa mwenzake! Huyo ndiye wa kupewa barua. Kuripoti hitilafu ni sehemu ya kazi yake, si hisani anayomfanyia msimamizi. Mleta uzi usianze kujilaumu, watakuona umeyumba.

#5 Dereva Masafa

Mnazunguka. Shida ni mshahara. Nimeendesha malori ya Tunduma kwa matajiri wanne. Tajiri wa tatu alikuwa anatukana matusi ya nguoni, ila posho ya safari inaingia kabla hujawasha gari. Hakuna dereva aliyemficha kitu, hata tairi likipungua upepo tunapiga simu. Wa nne alikuwa mtu wa dini, sauti ya chini, posho inachelewa wiki mbili. Huyo ndiye aliyeibiwa mafuta mpaka akauza gari. Ukali na upole ni maneno, mkono ndio unaoongoza.

#6 Mdau wa Mlimani

Niongeze kitu cha darasani kidogo. Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake, Lippitt na White, walichapisha majaribio waliyofanya kule Iowa, Marekani, kwa vikundi vya wavulana wa miaka kama kumi wanaotengeneza vinyago vya kuvaa usoni na vitu vya mikono. Kikundi kimoja kiongozi anaamuru kila hatua, kingine anawashirikisha, kingine amewaachia wafanye wapendavyo. Chini ya anayeamuru kazi ilikwenda vizuri sana, ila akitoka chumbani inashuka. Wale walioshirikishwa waliendelea hata alipotoka. Mleta uzi ajiulize: akienda chooni nini kinatokea?

Halafu kuna French na Raven, 1959. Walisema nguvu za mtu juu ya wenzake zina vyanzo sita: cheo, uwezo wa kutoa zawadi, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, mvuto wa mtu mwenyewe, na habari alizonazo. Wewe ndugu umeshika cheo na adhabu tu. Dereva Masafa anazungumzia zawadi. Yule mzee ana ujuzi na habari, ndiyo maana kunyamaza kwake kumekuangusha.

#7 Karani Mkuu

Mdau, marekebisho madogo: za 1959 zilikuwa tano. Hiyo ya habari Raven aliiongeza mwaka 1965. Mengine uko sawa.

#8 Mdau wa Mlimani

Kweli kabisa, asante.

#9 Fimbo ya Mbali

Watoto wa miaka kumi wanaotengeneza vinyago, na watu wazima wanaotafuta ada ya shule, wapi na wapi? Mtoto hana kodi ya nyumba.

#10 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, haya mliyaanza jana? Mwezi Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu cha 15 kilimpiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno, ufahari, dharau na uonevu. Maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya viongozi, lakini wafanyakazi wa viwandani waliyashika mkononi kama panga. Kati ya 1971 na 1973 viwanda vingi Dar vilisimama, na mara nyingi madai hayakuwa ya mshahara, yalikuwa ya mameneja kutukana watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika hatua ya kukikamata kiwanda chenyewe wakakiendesha.

Baba yangu mdogo alikuwa kwenye kiwanda kimoja cha nguo. Alitusimulia siku walipomzuia meneja getini. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Walisimama tu, mia kadhaa, gari likashindwa kupita. Alisema kilichowachosha ni mluzi: meneja alikuwa akitaka mtu anampigia mluzi, hamwiti jina.

Kwa hiyo Dereva Masafa, posho sawa. Lakini mtu aliyeitwa kwa mluzi miaka mitatu, posho haimfuti hilo.

#11 Dereva Masafa

Shikamoo Mwalimu. Hapo kwenye mluzi nimekuelewa. Ila hao waliosimama getini walikuwa na ajira ya kudumu na serikali iliyoandika Mwongozo. Kibarua wa leo asimame getini aone kama kesho atalikuta jina lake kwenye orodha.

#12 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hoja yako ina uzito.

#13 Bi Mkubwa wa Malindi

Nyote mnaongea kama bosi ni mwanamume. Mimi nasimamia wafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli Unguja, watu 31, mwaka wa tisa sasa. Mwanamume akifoka wanasema "leo bosi kaamka vibaya", kesho yamekwisha. Nikifoka mimi inakuwa tabia: ana kiburi, ana matatizo nyumbani kwake. Nikisema kwa upole wanasubiri nirudie mara ya pili ndipo wainuke.

Nilichofanya mimi: kila asubuhi napita chumba kimoja nao, nakitandika mwenyewe. Shuka la kwanza mpaka mto wa mwisho. Nakunja pembe za shuka wanaona. Sisemi neno. Ilichukua kama miezi miwili. Baada ya hapo nikimwambia mtu pembe hii haijakaa, habishani, kwa sababu ameshaiona yangu. Hiyo ndiyo ile ya ujuzi aliyosema Mdau, na hakuna mtu anayeweza kukupokonya.

#14 Kijana wa Tandika

Dada huo mfano nimeuhifadhi. Lakini swali: ukitandika vyumba kila siku, kazi ya usimamizi nani anafanya? Bosi wangu naye anapenda kushika kila kitu mwenyewe. Tunamwangalia tu, mwisho wa mwezi ripoti hazijaenda.

#15 Bi Mkubwa wa Malindi

Chumba kimoja, mwanangu. Sijasema vyote.

#16 Mnyonge wa Kisauni

Hapa Mombasa msimamizi wa namna hiyo ya barua tano twamwita mnyapara. Neno lenyewe ni la Kijerumani, la enzi za mashamba ya katani huko kwenu.

#17 Karani Mkuu

Mnyonge, hapana. Mnyapara si Kijerumani. Limetoka kwa Wanyamwezi: mnyampara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi kwenye misafara ya karne ya 19, ile ya Tabora hadi Bagamoyo. Mbele ya msafara anatembea kirangozi ameshika bendera. Huyo ndiye anayeijua njia, maji yako wapi na wapi pa kulala. Baadaye wakoloni walilichukua neno mnyapara likawa la msimamizi wa vibarua, na leo hata gerezani mfungwa anayewasimamia wenzake anaitwa nyapara.

Ninachokipenda kwenye habari za ile misafara ni kwamba mpagazi aliyeonewa alikuwa na silaha moja: anatua mzigo usiku anatoroka. Mwenye msafara akiamka ana mizigo na hana mabega. Yule mzee wa beringi naye ametua mzigo, ila yeye amebaki kambini.

#18 Mnyonge wa Kisauni

Nashukuru kwa kunisahihisha. Hiyo ya mizigo bila mabega nitaisema kazini kesho.

#19 Nahodha wa Pangani

Mimi nimekulia kwenye majahazi. Chomboni kuna nahodha na kuna serangi. Nahodha anashika usukani na uamuzi. Serangi yuko na mabaharia, anakula nao, anajua nani kaumwa, nani hajalala, kamba gani imechakaa. Baharia hamwendei nahodha moja kwa moja, humwambia serangi, na serangi anajua saa ya kumfikishia nahodha, tena kwa maneno gani.

Bahari ikichafuka nahodha anafoka na hakuna anayekasirika. "Shusha tanga!" ni amri, hakuna kikao hapo. Ila anayefoka hivyo wakati maji ni shwari, mabaharia wanamzoea sauti, na siku ya dhoruba hawashtuki.

Mleta uzi, wewe ulikuwa baharia, umepewa unahodha, na nafasi ya serangi iko wazi. Yule mzee ndiye serangi wako.

#20 Fundi Ndege

Nahodha ameongea vizuri, ila kwenye kazi zetu habari ikipitia kwa mtu wa kati inaweza kuchelewa. Tarehe 27 Machi 1977, Tenerife, visiwa vya Kanari, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, kukiwa na ukungu. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa ndege ya kwanza, ya KLM, shirika la Uholanzi, alikuwa mkufunzi, mtu wa kuheshimika sana kwenye shirika lake. Ameshaanza kukimbiza ndege, mhandisi wake akauliza kama ile ndege nyingine, ya Pan Am ya Marekani, imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena.

Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, mawasiliano ya redio na ukungu zikiwemo. Lakini ni mojawapo ya zilizofanya marubani duniani waanze kufundishwa namna mdogo anavyompinga mkubwa na namna mkubwa anavyosikiliza. Lile ni somo kamili, linafundishwa na kurudiwa. Halikuachiwa hulka ya mtu.

Mzee wako alikuja mara moja. Mhandisi naye aliuliza mara moja.

#21 KotiJeupe

Fundi, hapo umenigusa. Mimi sikuuliza hata hiyo mara moja.

#22 Kijana wa Tandika

Serangi akijulikana kwamba anapeleka habari kwa bosi, kijiweni wanamwita mpambe. Nimeshuhudia. Mzee wa watu alisusiwa hata chakula cha mchana, anakula peke yake kwenye ngazi. Nahodha umelisahau hilo.

#23 Nahodha wa Pangani

Sijalisahau. Serangi anapeleka habari za kamba na tanga. Akianza kupeleka habari za watu, nani kasema nini, hapo si serangi tena.

#24 Afisa Utumishi Fulani

Hizo barua tano ndani ya wiki tatu zinanipa wasiwasi. Barua ya kujieleza ni mlango wa mchakato wa nidhamu, haikuwekwa kwa ajili ya kutishia watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mtu apewe nafasi ya kusikilizwa, na kikiitwa kikao cha nidhamu apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Ukizimwaga barua ovyo, siku ukiwa na kosa kubwa kweli mwajiriwa ataonyesha kwamba kwako barua ni salamu. Na akiachishwa atakwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na faili lako ndilo litakaloangaliwa.

Kuchelewa mara ya kwanza mwite, ongea naye mlango umefungwa, andika kwenye daftari lako tarehe na saa. Inatosha.

#25 Fimbo ya Mbali

Na mimi nakubaliana na Afisa kwa hilo. Ukali wa kweli unahitaji kumbukumbu. Lakini bado nasema mzee ana kosa lake.

#26 Mama Mbili Kasoro

Nimesoma kuanzia juu. Hakuna aliyemuuliza mleta uzi swali nililotaka kuuliza. Huyo mzee aliyekufundisha kazi, umri wa baba yako bila shaka: bado unamwamkia shikamoo?

#27 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Mama, umenifikia pabaya.

Nilikuwa namwamkia kila siku kwa miaka sita. Nilipopewa cheo, wiki ya pili meneja alinisikia, akanitania mbele ya watu kwamba bosi hamwamkii kibarua wake. Nikaanza kusema "habari za kazi" nikiwa napita. Yeye hakusema kitu. Anajibu "nzuri", anaendelea kupangusa mashine.

Sikuwahi kuunganisha hilo na beringi mpaka umeuliza.

#28 Dereva Masafa

Duh.

#29 Mdau wa Mlimani

Sidhani tulibebeshe jambo lote kwenye shikamoo. Nimefanya kazi ofisi moja ambako mkurugenzi anawaamkia wazee wote, mpaka mlinzi, na hakuna anayethubutu kumpinga kikaoni. Heshima ya salamu na uhuru wa kusema ni vitu viwili.

#30 Mama Mbili Kasoro

Ni viwili, sikatai. Lakini kwa mzee cha kwanza kikivunjika cha pili hakifiki. Atakuja vipi kukuletea habari mtu uliyempita bila kumwamkia? Aanze na neno gani?

#31 Bi Mkubwa wa Malindi

Huku kwetu wengine wanaona shikamoo kazini inamfanya mdogo awe mtumwa. Wasichana wangu wawili walikataa kumwamkia mpishi mkuu, ikawa ugomvi wa wiki nzima. Kwa hiyo si jibu la kila mahali. Ila kwa mleta uzi, nenda kesho.

#32 Mchuuzi wa Ilala

Mimi bado niko hapa na kiti changu. Mleta uzi tuletee mrejesho.

#33 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Mrejesho, siku nne baadaye.

Jumatatu niliingia saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla ya wote. Yeye huwahi. Nikamwamkia. Akaitika "marahaba" bila kugeuka. Nikamwambia naomba anifundishe namna alivyoisikia ile beringi, kwa sababu mimi miaka sita yote nilikuwa upande wa kufunga na oveni, mashine yake sikuwahi kuimiliki. Akakaa kimya kidogo. Kisha akatoa bisibisi ndefu mfukoni, akaweka ncha kwenye kifuniko cha beringi na mpini sikioni. Akanipa. Ile mpya inavuma sauti moja, kama feni. Akanipeleka mashine ya pili, ndogo, nikaweka sikio. Ina kitu kama mchanga unasagwa ndani.

Akasema: "Hii nayo ina wiki."

Fundi kaibadilisha Jumanne mchana, mashine ikiwa tupu.

Barua mbili kati ya zile tano nimezirudia na afisa wetu, zimeondolewa kwenye faili, maana kosa lilikuwa dakika kumi. Kila zamu sasa tunasimama dakika tano kabla ya kuwasha, kila mtu anasema kitu kimoja alichokisikia au kukiona kwenye mashine yake. Siku ya kwanza walisema watatu tu. Jana saba.

Ila jana hiyo hiyo wawili wamechelewa tena, mmoja kwa nusu saa, na kacheka kama zamani. Nimeandika kwenye daftari tarehe na saa. Bado sijajua kesho nitamwambia nini.

#34 Fimbo ya Mbali

Huyo wa nusu saa ni yupi, kibarua au wa kudumu?

#35 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wa kudumu. Ndiye yule kijana wa oveni niliyekuwa namfokea siku ile mzee aliporudi.